Kayaki ya kioo yafunua maisha ya mizizini Mida, lakini mkate wa nani?

MIDA, KILIFI

Maji ya Mida hayajai kwa kishindo. Huingia kimya kupitia mlango mwembamba ulio karibu na Watamu, yakafunika kwanza tope, kisha vidole vya mizizi ya mililana, na baada ya saa chache uwanja uliokuwa wa kaa na ndege unageuka kuwa ziwa. Siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani hii hupita mita 3. Ndiyo maana safari ya kayaki hapa haipangwi kwa saa ya ukutani. Tulikuwa tumekubaliana na mwongozaji kwamba tutaanza asubuhi. Usiku akapiga simu kusema hapana, mwezi ni mpevu, asubuhi kutakuwa na tope tupu, tuonane saa nane na nusu mchana.

Kayaki zenyewe ni ngeni katika pwani yetu. Watu huziita za kioo, ingawa zimetengenezwa kwa polikaboneti, plastiki ngumu ya aina ile ile inayoezekwa kwenye mapaa ya kupitisha mwanga. Unguja zimepata umaarufu miaka ya karibuni katika fukwe za Nungwi na Kendwa, ambako mgeni hulala ndani yake juu ya maji ya samawati huku droni ikimpiga picha kutoka angani. Huko kayaki ni jukwaa la kupigia picha. Katika mikoko inapewa kazi nyingine, ya kumfanya mtu atazame chini.

Si chombo chepesi. Ni pana, sakafu yake ni bapa, na hubebwa na watu wawili kutoka mchangani hadi majini. Kila mmoja hupewa jaketi okozi na kafi yenye bapa pande zote mbili. Haikati maji kama hori. Hatujafika mbali, mzee mmoja aliyesimama ndani ya hori lake akisukuma kwa upondo alitupita kama tumetia nanga, akatuangalia sisi na chombo chetu kinachoonyesha magoti, akatabasamu. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kupunguza mwendo.

Dakika kumi za mwanzo sikuona la maana zaidi ya mchanga na majani ya bahari. Jua la Januari lilipiga kutoka juu na likarudi kutoka chini, na kitako kilianza kuungua. Mwongozaji, kijana wa kijiji kimoja cha ukingoni mwa hori hii ya bahari, aliniita dada na kunisihi kwa upole niweke kafi mapajani, ninyamaze, niache maji yafanye kazi. Mkondo ukatubeba hadi kwenye kivuli cha mikoko.

Hapo ndipo sakafu ya kayaki ilipofunguka kama dirisha.

Mizizi ya mkoko hushuka majini kama miguu ya kiti, imejipinda, na kila mguu umevikwa chaza hadi alama ya maji. Katikati ya miguu hiyo mlikuwa na wingu la samaki wadogo, wengine hawafiki urefu wa ukucha, wote wameelekeza vichwa upande mmoja kuukabili mkondo. Mwongozaji aliwatambua wachache: changu wachanga, mkizi, tasi. Tondo, konokono wale warefu wenye gamba jeusi, walikuwa wametapakaa kwenye tope chini yetu, mmoja akiburuta jani la mkoko lililoanza kuoza. Kaa mmoja alituona kabla hatujamwona, akajichimbia kinyumenyume hadi yakabaki macho mawili tu yakitutazama.

Nimesoma mara nyingi kwamba mikoko ni kitalu cha samaki. Ni sentensi inayorudiwa katika kila ripoti ya mazingira inayopita mezani mwetu, na imechakaa kwa kutumiwa. Kuiona ikitokea nusu mita chini ya magoti yako ni habari nyingine. Samaki mkubwa hawezi kupenya katika mizizi iliyosongamana hivyo. Jani linaloanguka huliwa na kaa na tondo, kinachobaki huvunjwavunjwa na bakteria, na chembe hizo huwa chakula cha kamba na samaki wachanga. Wakikua huondoka kwenda kwenye majani ya bahari na miamba ya matumbawe, na huko ndiko mvuvi anakokutana nao. Changu anayekaangwa Malindi jioni huenda alilelewa katika kivuli kama hiki.

Mto usiokuwepo

Kuna jambo ambalo wapangaji wa utalii katika nchi jirani wangefaa kulijua kabla ya kuagiza kontena la kayaki hizi. Sehemu nyingi zenye mikoko, sakafu ya kioo haionyeshi chochote.

Mikoko mikubwa hustawi kwenye midomo ya mito, na mito huja na udongo. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki, ina maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mdomo wa Tana ni vivyo hivyo. Na tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya yetu ina mikoko ya bahari mbili: kule Muanda, Mto Kongo unapoingia Atlantiki, kuna hifadhi ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992. Ni mahali pa fahari, lakini ukipeleka kayaki ya kioo utaangalia tope likipita chini ya miguu yako. Rufiji ina viboko na mamba pia, na sidhani kuna mtu anayetamani kuwatazama kupitia plastiki.

Mida haina mto. Hakuna mto wa kudumu unaomwaga maji hapa. Maji baridi hupenya chinichini kupitia mwamba wa matumbawe, na mengine yote ni bahari inayoingia na kutoka. Maji yanapojaa huja safi kutoka nje, na kwa saa mbili tatu kabla ya kufika kilele unaweza kuona chini vizuri. Yakianza kupwa huchota tope na majani, yanageuka kahawia, na dirisha linafungwa. Jua likilala nalo, uso wa maji huwa kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo biashara hii ina saa chache kwa siku, na si kila siku. Asiyejua kusoma maji na mwezi hawezi kuiendesha, hata awe na kayaki mia.

Majina ya miti na bei ya boriti

Ujuzi huo ndio bidhaa halisi inayouzwa hapa. Mwongozaji alikuwa akiyasoma mazingira kama mtu anayesoma mabango ya mtaani kwao. Mlilana husimama mbele, ukiikabili bahari, na mizizi yake ya kupumulia huchomoza kama pembe. Mkoko hufuata, na mbegu zake huanza kuota zikiwa bado juu ya mti. Zinaning'inia kama mikuki ya kijani, na zikianguka wakati wa maji kupwa hujichoma kwenye tope. Ndani zaidi kuna muia wenye mizizi kama magoti, halafu mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kutengenezea ngozi. Mchu hutoa chumvi kwa majani. Alichuma jani moja, akalilamba mgongo, akanipa nami nilambe. Ni chumvi kweli.

Kenya ina aina 9 za mikoko, na karibu kila moja ilikuwa na soko lake. Mbao za mlilana na mkomafi zilikwenda kwa mafundi wa vyombo. Nguzo za mkoko, muia na mkandaa zilipangwa kwa unene, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Majahazi yalizipakia Lamu na Rufiji na kuzisafirisha kwa upepo wa kusi hadi Oman na Ghuba, nchi zenye mawe na udongo wa kujengea lakini zisizo na miti ya kubeba dari. Ukiingia nyumba ya kale ya mawe, iwe Lamu, Unguja au Kuwait, utakuta vyumba virefu na vyembamba, upana wake karibu mita 3 au pungufu. Si mtindo tu. Boriti haikuwa ndefu zaidi ya hapo.

Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982. Tangu mwaka 1932 mikoko yake ilikuwa tayari imetangazwa kuwa msitu wa serikali, ingawa tangazo la karatasini na shoka la mtu anayejenga nyumba havikukutana mara nyingi. Ukipita Mida leo bado utaona visiki, vingine vya zamani, vingine vyenye jeraha jipya. Mwongozaji havifichi. Anavielekeza kwa kafi na kueleza kwamba asiye na fedha za mabati na chuma hujengea alichonacho karibu.

Msitu huu una wakubwa wawili. Miti iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS, na maji yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mti ukianguka majini sijui ni nani kati yao huandika ripoti.

Kaa, kasa na wageni wa dago

Asubuhi ya siku hiyo, maji yalipokuwa yamekupwa kabisa, nilikuwa nimemfuata mvuvi wa kaa katika tope lililonifika magotini. Hana nyavu. Ana chuma kirefu chenye kulabu nchani na sikio linalosikia kupitia mkono. Hukichomeka chuma ndani ya tundu, hutulia, na akihisi gamba likigonga hukivuta taratibu hadi kaa koko atokee amekasirika, magando wazi. Anamfunga kwa kamba ya ukindu kabla hujamaliza kushangaa. Wakubwa huenda kwenye mikahawa ya Watamu na kwa wafanyabiashara wa Malindi. Wadogo, alisema, huwarudisha. Nilimwona akimrudisha mmoja. Kama humrudisha hata siku ambayo kikapu ni kitupu, hilo analijua yeye.

Upande wa Dabaso, kikundi cha uhifadhi cha kijiji kimechukua njia ya katikati. Wanachama wake walianza kufuga na kunenepesha kaa, wakapanda mikoko, kisha wakajenga mkahawa wa mbao juu ya miti, Crab Shack, ambako mgeni hula kaa akitazama mahali kaa anapoishi. Ni moja ya sehemu chache nilizopita katika pwani hii ambako fedha ya utalii inashika njia fupi kutoka mfukoni mwa mgeni hadi kijijini.

Mchana, ndani ya kayaki, kivuli cha duara kilipita chini yetu. Kasa mchanga, ukubwa wa sinia la pilau, alipiga makasia yake mara mbili na kutoweka kwenye majani ya bahari. Mida ni malisho ya kasa ambao hawajakomaa. Hapo zamani kasa aliyenaswa wavuni alikuwa nyama na mafuta. Shirika la Local Ocean Conservation la Watamu, lililoanza mwaka 1997, lilijenga mazoea mengine: mvuvi akimnasa kasa hupiga simu, wafanyakazi huja, humpima na kumwachia, na mvuvi hupewa kitu kidogo kwa usumbufu na gharama zake. Kuna wanaosema ni hongo ya uhifadhi. Mimi naona ni malipo ya kazi, na kasa yuko hai.

Wavuvi wa hapa si Wagiriama na Wabajuni peke yao. Kila msimu wa kaskazi huja Wapemba kwa dago, yaani kuweka kambi ya uvuvi mbali na kwao, kama walivyofanya babu zao kabla mpaka haujachorwa. Wengi walibaki, wakazaa, wajukuu wakakua bila kitambulisho cha nchi yoyote. Ni mwaka 2023 tu ambapo serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba wa pwani yake kuwa raia. Samaki wanaokulia katika mikoko ya upande mmoja hawakuwahi kusubiri tangazo hilo, na waliowafuata hawakusubiri pia.

Ndege kutoka Oman

Ilipokaribia saa kumi na moja, sakafu ilianza kufifia na tukainua macho. Kwenye fungu la mchanga lililokuwa bado halijafunikwa walisimama ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama wa kuazima. Wanasayansi humwita Dromas ardeola. Kazi ya mdomo huo ni kuvunja kaa, na Mida ni moja ya mahali maarufu duniani pa kumwona.

Hazaliani hapa. Kuanzia Aprili hurudi kaskazini, kwenye visiwa na fukwe za Oman, Falme za Kiarabu, Iran na Eritrea. Huko huchimba shimo mchangani, tabia isiyo ya kawaida kwa ndege wa pwani, na jike hutaga yai moja jeupe ndani yake. Joto la mchanga husaidia kulitunza. Hulea kwa kudekeza: kinda hufuata wazazi wake hadi Afrika Mashariki, na huku bado utamwona akiinama na kulialia ili apewe kaa, ingawa amekwisha kuwa na urefu wa baba yake. Mwongozaji alinionyesha mmoja mwenye mgongo wa kijivu akimsumbua mkubwa. Tulicheka kwa sauti ya chini, maana sote wawili tuna jamaa wa namna hiyo.

Tulisimama mbali. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo mgeni huielewa kwa shida: amelipa, ana kamera, anataka kusogea. Lakini maji yakijaa ndege hawa hawana pa kula, wanachofanya ni kutunza nguvu hadi tope lifunuke tena. Kayaki moja ikiwarusha, wanapoteza kidogo. Kayaki kumi kila siku ya msimu ni hesabu nyingine, hasa miezi ya Februari na Machi ambapo wanajijaza kwa safari ya kurudi. Kayaki haina injini wala moshi, na ndiyo sababu huitwa rafiki wa mazingira, lakini chombo kisicho na sauti ndicho kinachoweza kumfikia ndege karibu zaidi kabla hajashtuka. Kwa sasa kikomo pekee niliyokiona ni busara ya huyo kijana.

Jua lilipozama keremkerem wekundu walianza kuja kulala mikokoni kwa makundi, na kwa robo saa hakuna aliyezungumza.

Fedha inakopita

Malipo niliyotoa yaligawanyika mafungu matatu: ada ya hifadhi, sehemu ya mwenye kayaki, na sehemu ya mwongozaji. Fungu kubwa lilikuwa la mwenye kayaki. Hilo halishangazi, kwani chombo huagizwa kutoka nje, hulipiwa ushuru, na chaza wa Mida hukikwaruza hadi baada ya misimu michache hakionyeshi tena. Ila kilichonifanya nione nilichokiona si plastiki. Ningeachwa peke yangu ningezunguka saa tatu juu ya mchanga na kurudi na picha za magoti yangu.

Mwongozaji hulipwa kwa safari. Masika yakianza na kusi kupiga, wageni hupungua, ndege huwa wameondoka, naye hurudi kwenye uvuvi na vibarua vya ujenzi. Anataka kununua kayaki yake. Akiweza, mpangilio wa mafungu utabadilika bila semina yoyote.

Hapa Mida kuna mfano wa karibu. Daraja la kutembelea la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko, pamoja na kibanda cha kuangalizia ndege, linahusishwa na mpango wa ASSETS ulioanzishwa na A Rocha Kenya mwaka 2001: ada za wageni na michango husaidia karo ya sekondari ya watoto wa familia zinazopakana na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imetoka kwenye mti ana sababu ya kumuuliza jirani mwenye shoka.

Kusini, Kaunti ya Kwale, wamekwenda mbali zaidi. Vijiji vya Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013, hulinda hekta 117 na kuuza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vifaa vya shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Msingi wake ni upandaji mikoko uliofanywa Gazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwamo Dkt. James Kairo. Wanawake wa Gazi nao wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, ambako huongoza wageni na kuwapikia. Upande wa Unguja, kijiji cha Pete kina njia kama hiyo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyehitaji chombo cha kuonyesha chini. Walihitaji mkataba unaosema nani anapata nini.

Msitu mmoja, vibali viwili

Mradi wa pili wa kaboni, Vanga, unalinda hekta 460 katika vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu. Ukisimama Jimbo, mikoko inaendelea mbele yako bila kukatika hadi Jasini, Wilaya ya Mkinga, Tanga. Hapo ni Tanzania. Kaa hawajui, lakini kaboni inayouzwa upande mmoja haihesabiwi upande wa pili, na mkataji anayefukuzwa na askari wa huku anaweza kuvuka akakata kule. Lipo pendekezo la kuunda eneo moja la hifadhi ya bahari la Kenya na Tanzania kutoka Diani hadi Mkinga. Limejadiliwa kwa miaka mingi.

Utalii nao umekatwa na mstari ule ule. Viza ya pamoja ya watalii iliyoanza mwaka 2014 inahusu Kenya, Uganda na Rwanda, na kati ya hizo tatu ni Kenya pekee yenye bahari. Mgeni aliyepanda kayaki Nungwi akisikia habari za ndege wa Mida anahitaji kibali kingine, malipo mengine na fomu nyingine, ingawa kwa jahazi zenye upepo mzuri wazee wetu walihesabu safari hiyo kama ya jirani. Na mwongozaji hawezi kumfuata mgeni wake: Julai 2025 Tanzania ilitoa orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na kuongoza watalii ni mojawapo. Nairobi ililalamika kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume cha Itifaki ya Soko la Pamoja la mwaka 2010. Dodoma ina hoja yake, kwamba kazi ndogo ndogo ziwe za wenyeji, na mtu aliyeona jinsi mwongozaji wa Mida anavyolijua tope la kwao hawezi kuidharau hoja hiyo.

Hata hivyo kulinda kazi ya mwenyeji ni jambo moja, na kumnyima mafunzo ni jingine. Kijana wa Pete na wa Mida wanataja miti ile ile kwa majina yanayokaribiana, wanasoma bamvua ile ile, na wanamsubiri ndege yule yule. Wangeweza kukaa mwezi mmoja mmoja kwa mwenzake, wakafundishana jinsi ya kumweka mgeni mbali na fungu la ndege, au jinsi kijiji kinavyogawana ada. Kubadilishana huko hakuhitaji viza ya watalii wala mkataba wa mawaziri, bali halmashauri mbili na nauli ya basi.

Kwa anayetaka kwenda: kutoka Tanga unavuka mpaka Horohoro na Lungalunga hadi Mombasa, kutoka Nairobi kuna treni hadi Mombasa au ndege hadi Malindi. Matatu za Mombasa kwenda Malindi hupita Mida na Gede, na Gede ndipo pa kushukia kwa Watamu. Nenda kati ya Oktoba na Machi. Uliza kwanza saa ya maji kujaa, ndipo uulize bei. Vaa mikono mirefu, beba maji ya kunywa ya kutosha, na chagua mwongozaji wa vijiji vya Mida, Dabaso au Uyombo. Akikwambia siku hiyo maji hayafai, mwamini. Badala yake omba akupeleke kwa miguu kwenye tope, na uvae viatu vya kufunga, maana chaza hukata.